Utani wa Dirisha la Pili

Nyumbani kila mtu alimwita Keshia, kwa sababu alifanya kazi benki, kwenye dirisha la pili. Hata watoto wa kaka yake walimwita shangazi Keshia. Jina hilo alilipenda, na kusema kweli lilimvimbisha kichwa kidogo.

Siku za mapumziko alizoea kwenda kula kwa kaka yake, seremala. Huko alimkuta wifi yake, fundi wa nguo, na utani wao ulikuwa hauishi. Mmoja akisema mwenzake amenenepa, mwenzake anajibu kwamba anakula vya mumewe, asionewe wivu. Kaka mtu alikaa katikati akicheka.

Siku moja wifi alikuwa akipakua chakula. Keshia alimtazama, akatania kama kawaida yake.

"Wifi, siku hizi tunaonana dirishani kuliko nyumbani. Ukitajirika usitusahau."

Wifi hakucheka. Upawa ulibaki mkononi, juu ya sufuria.

"Dirisha gani?" kaka aliuliza.

Keshia alijua papo hapo kwamba ameteleza. Alijaribu kulifunika lile neno kwa kicheko, lakini kicheko chenyewe hakikutoka. Siku ile hakuna aliyemaliza chakula chake.

Wifi alikuwa akiweka akiba kidogo kidogo kutokana na ushonaji. Mama yake mzazi alikuwa na presha ya macho. Daktari alisema afanyiwe upasuaji mapema, maana kwa ugonjwa ule uoni ukishapotea haurudi. Akiba hiyo wifi hakumwambia mumewe, kwa sababu alimjua. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Ila pesa ikionekana mle ndani, hakosi kukumbuka mbao au misumari.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kaka alinuna kwamba amefichwa na mke wake mwenyewe. Wifi alimweleza habari za upasuaji, naye akasema anunue kwanza mashine ya kupigia randa, itarudisha pesa yote kabla mama hajaitwa hospitali. Mwishowe wifi alitoa akiba ili nyumba itulie. Mashine ilifanya kazi kwa muda mfupi, ikaungua, ikawa mahali pa kuanikia nguo.

Keshia alishindwa kulibeba kosa lake peke yake. Alikwenda kwa msimamizi wao wa kaunta, mama mmoja waliyemwita Bi Kufuli. Walimwita hivyo kwa sababu hakuinuka kitini bila kufunga kompyuta yake, hata akienda kunywa maji tu. Keshia alimsimulia yote, kisha akajitetea.

"Lakini sikutaja kiasi. Hata akaunti sikuitaja."

"Ulisema mnaonana dirishani," alisema Bi Kufuli. "Inatosha. Salio ni siri ya mteja. Na kwamba yeye ni mteja wetu, hiyo nayo ni siri yake."

"Aliyesikia ni mume wake. Ni kaka yangu."

"Akaunti ni ya nani?"

"Ya wifi."

"Basi. Mume, mama, mtoto, wote ni watu wa nje, mpaka mwenyewe aruhusu au sheria itake. Na sheria ikitaka, ofisi ndiyo itakayojibu, si wewe mezani kwa kaka yako. Sare utaivua jioni, mwanangu, lakini siri za watu huzivui. Hata ukiacha kazi, unaondoka nazo."

Alimwambia pia asifungue kamwe akaunti ya mtu kwenye kompyuta kama hana kazi nayo, na akikutana na mteja mtaani amsalimie tu, habari za benki aziache benki. Kisha akampeleka kwa meneja, kwa sababu kosa kama lile halifichwi. Keshia alipewa onyo. Aliambiwa pia kwamba mteja lazima aombwe radhi.

Alimkuta wifi kwenye cherehani, akamwomba radhi. Wifi hakuinua macho.

"Nimekusamehe," alisema. "Ila kwenu benki, sirudi."

Miezi ikapita. Jicho la kushoto la yule mama likapofuka. Keshia alipopata habari alijifungia chooni kazini akalia, na hakuwa na wa kumlaumu ila nafsi yake.

Siku moja kaka yake alitokea dirishani. Aliinama, akauliza kwa sauti ya chini kama mke wake amerudi kuweka pesa pale.

"Kaka, habari za mteja siwezi kutoa," alisema Keshia. "Awepo, asiwepo, jibu langu ni hilo hilo."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Kamuulize mwenyewe. Na umuulize kwa upole."

Kaka aliondoka amefura. Alipofika nyumbani alilalamika kwamba dada yake wa tumbo moja amemfanya mgeni. Wifi alikuwa akikata kitambaa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kukata.

Wiki iliyofuata wifi aliingia benki. Dirisha la kwanza halikuwa na foleni, lakini alisubiri la pili.

"Karibu," alisema Keshia kwa sauti ya chini. Neno wifi alilimeza.

"Naomba kuweka pesa, dada," alisema wifi. Kabla ya hapo hakuwahi kumwita dada hata mara moja.

Safari hii akiba ilikaa mpaka ikatosha, na jicho la kulia likawahiwa. Mama alipotoka hospitali, Keshia aliitwa kula naye kwa kaka yake. Wote walikuwa wakarimu. Wifi alimpakulia vizuri, akamuuliza habari za kazi, lakini hakumtania, na Keshia hakuthubutu kuanza.

Mama alinyoosha mkono kutafuta kikombe chake. Kilikuwa upande wa kushoto, asikoona. Mkono ulipapasa meza. Keshia alikisogeza kikombe upande wa kulia.