Sahani ya Pili

Wahida aliacha swali la tatu likiwa tupu, akaenda kuanika nguo. Aliporudi alikuta limekokotolewa mpaka mwisho, na jibu limepigiwa mistari miwili.

Akadhani amelifanya mwenyewe akasahau. Msichana anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kuosha masufuria ya wafanyakazi wa mradi wa gesi wa Afungi, akarudi Palma mchana vidole vimekunjamana kwa maji, anaweza kusahau hata kama amekula. Vita vilimhamisha yeye na mama yake kutoka kijijini kwao Quiterajo na kumkatia masomo. Sasa ana miaka ishirini na mitatu, anasubiri mtihani wa mwisho wa darasa la kumi na mbili, na hesabu imeshamwangusha mara mbili. Akianguka tena, ualimu ausahau, abaki na masufuria.

Kosa lilikuwa lake. Mwalimu Abdulai wa madrasa alimwandikia kombe: aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi, akampa anywe ili kichwa kifunguke. Zafarani ikabaki. Wahida, kwa uchovu na tamaa, akaichukua nyumbani, akaandika kanuni za hesabu kwenye sahani ya pili, akaziosha, akanywa. Hakutaja hata jina la Mungu. Jamani, nani hunywa kitu kama kile kimyakimya?

Tangu hapo kila alasiri, akisinzia juu ya daftari, alisikia penseli ikikwaruza. Chumba kikanuka udi, na hakuna aliyefukiza. Siku ya nne alifumbua macho akaona penseli imo mkononi mwake mwenyewe, mkono unaandika bila yeye, haraka, tarakimu nzuri zilizosimama wima, na ukutani, juu ya kivuli chake, kimeinama kivuli kingine kama mama anayemshika mwanawe mkono kumfundisha kuandika, na pumzi ya moto ikamgusa sikio, na yeye, badala ya kupiga kelele, akahisi usingizi mtamu unamvuta, akauachia umchukue.

Mama yake, Zubeida, alipouona ule mkono alikwenda mbio kumleta Mwalimu Abdulai. Mwalimu alinusa sahani, akasema ni jini, subiani, tena wa kualikwa, na atolewe leo leo kabla hajazoea.

"Mwalimu, nakuomba, mpaka Jumatatu," Wahida alinong'ona. "Nikimaliza izame, huo mtihani wangu."

"Akikufanyia yeye, mwanangu, chako kitabaki nini?"

"Nimechoka, mwalimu. Nimechoka sana."

Zubeida alilia. Naye alikuwa amechoka, ndiyo maana hakumlazimisha, na jini akaachwa mpaka Jumatatu.

Jumatatu, karatasi zilipogawiwa, udi ulinuka darasa zima, na Wahida akalaza kichwa. Aliamshwa na msimamizi, mwalimu wa shule waliyemwita profesa Eusébio, muda umekwisha. Kila swali lilikuwa limejibiwa. Alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Ndipo akatazama juu, mahali pa jina. Palikuwa pameandikwa Maimuna Subiani.

Akashika kalamu alikate, aandike lake, na akalitafuta, akalikumbuka la mama yake, akalikumbuka la marehemu baba yake, akakumbuka hata majina ya majirani wa Quiterajo mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, lakini lake halikuja.

"Jina lako nani, filha, binti yangu?" profesa aliuliza kwa upole, orodha mkononi.

Msichana aliitazama karatasi, akamsomea lililoandikwa.