Margwe na Moto wa Mlimani

Margwe, mkewe Efrazia na mtoto wao Oliva wanaishi Gendabi, chini ya Mlima Hanang. Wanalima mahindi na maharage. Wana ng'ombe watatu na mbuzi wachache. Asubuhi Efrazia huchota maji kwenye bomba la kijiji. Maji hayo hutoka kwenye chemchemi ya mlimani. Margwe huenda shambani. Siku nyingine hutafuta asali, kama baba yake alivyofanya.

Jirani yao ni Mzee Gidamis, mfugaji. Baada ya mavuno, ng'ombe wa Gidamis hula mabua katika shamba la Margwe. Gidamis naye humpa Margwe samadi na maziwa. Wameishi hivyo miaka mingi.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, nyasi zilikauka sana. Margwe aliona nyuki kwenye mti mkubwa ndani ya msitu wa hifadhi. Hakuwa na kibali. Aliwasha mwenge wa nyasi, akapanda mtini. Nyuki wakamshambulia. Mwenge ukamponyoka, ukaanguka kwenye majani makavu. Margwe alishuka haraka, akaupiga moto kwa matawi. Upepo ulikuwa mkali. Moto ukapanda mlima, naye akakimbia.

"Baba Oliva, mbona uso umevimba?" Efrazia aliuliza.

"Nyuki wa shambani," alijibu. Hakumtazama mkewe.

Kijiji kizima kilitoka kuzima moto. Kazi ilichukua siku mbili. Margwe alifanya kazi kuliko wote. Mwenyekiti wa kijiji akamshika mkono mbele ya watu. "Huyu ndiye mwanaume!" alisema. Margwe alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kisha watu wakaanza kusema, "Ni Gidamis. Alitaka nyasi mpya za ng'ombe wake."

Hakuna aliyemwona Gidamis mlimani. Hata hivyo alikatazwa kunywesha mifugo kwenye birika la kijiji mpaka jambo lichunguzwe. Kila alfajiri aliwapeleka ng'ombe wake mbali, upande wa Dirma. Margwe alisikia kwato zikipita mlangoni. Alijifunika blanketi, akanyamaza.

Baada ya wiki tatu, afisa misitu aliyeitwa Letisia alikuja kijijini. Alikuwa na mafunzo kwa wananchi wote kuhusu historia ya mlima na utunzaji wake. Watu walikusanyika shuleni. Kisha akawapeleka mpaka mahali palipoungua.

"Mlima huu ulitema moto zamani sana," Letisia alisema. "Baadaye ukapoa. Majivu yake ndiyo udongo mzuri mnaolima. Nani anajua habari nyingine za mlima?"

Mzee Gidamis alisimama. Watu wakanong'ona.

"Babu yangu alipanda hapa kuomba mvua," alisema. "Alivua viatu kabla ya kuingia msituni. Sisi hatuchomi mahali tunapoombea."

Akaketi.

Letisia alionyesha mti mmoja uliosalia. Mimea laini ilining'inia kwenye matawi yake kama ndevu. "Ukungu ukipita, miti hii hushika matone," alisema. "Matone huingia ardhini, kisha hutoka polepole kwenye chemchemi. Msitu ukiungua, chemchemi hupungua."

"Kumbe ndiyo sababu bomba linatoa maji kidogo!" alisema Efrazia.

"Moto huu ulianzia wapi?" mtu mmoja aliuliza.

Letisia aliwaonyesha mti mweusi wenye tundu. Masega yaliyoungua yalikuwa bado ndani. "Ulianzia hapa. Mtu alikuja kurina asali kwa mwenge. Mchungaji hapandi mti kutafuta nyasi."

Watu walitazamana. Margwe alitaka kunyamaza tena. Halafu akamwona Gidamis, ameinamisha kichwa kama mwenye kosa.

"Ni mimi," alisema Margwe.

Efrazia alijifunika uso kwa kanga.

Margwe alimwendea Gidamis. "Shikamoo, mzee."

Gidamis hakuitikia. Alisema, "Kila alfajiri nilipita mlangoni kwako na ng'ombe. Ulinisikia?"

"Nilikusikia, mzee."

"Ndama wangu alikufa njiani kwa kiu."

"Nilisikia pia." Margwe alilia mbele ya watu wote.

Mwenyekiti naye aliona aibu. "Mzee Gidamis, tulikuhukumu bila kuuliza," alisema. "Utusamehe. Leo hii rudisha mifugo yako kwenye birika."

Letisia hakuficha jambo. Margwe alipelekwa mbele ya sheria, akatozwa faini. Pia aliagizwa kufyeka njia pana ya kuzuia moto na kupanda miti ya asili palipoungua. Alimpa Gidamis ndama wake mmoja. Gidamis alimpokea ndama, lakini miezi mingi hakuja kwa Margwe kunywa chai.

Letisia alimfundisha Margwe ufugaji wa nyuki. "Tundika mizinga pembeni ya shamba lako," alisema. "Vaa mavazi ya kujikinga. Usitumie mwenge. Tumia bomba la moshi, kopo la kufukizia nyuki. Moto wake umefungwa ndani, hauanguki. Ukimaliza, uzime kabisa kwa maji."

Sasa Margwe ana mizinga sita. Anapata asali safi bila kuingia hifadhini. Miche mingi imeshika mizizi. Mwezi wa tisa mwaka huu nyasi zilikauka tena, lakini mlima haukuungua. Kila Jumamosi vijana hukagua njia ya moto pamoja naye.

Wiki iliyopita wageni kutoka kijiji cha Nambis walikuja kwenye mafunzo ya Letisia. Mzee Gidamis aliwaeleza habari za babu yake. Alipomaliza, alimgeukia Margwe.

"Moto nao ni historia ya mlima," alisema. "Njoo, waeleze."

Margwe alisimama. Uso ulimwaka kwa aibu, kama siku ile.

"Jina langu ni Margwe," alianza. "Mimi ndiye niliyeuchoma mlima huu."