Pikapu ya Matonya na Kikapu cha Ugali

Matonya wa Hombolo alikuwa na pikapu kuukuu, na pikapu hiyo ilikuwa na kiu. Kila asubuhi alipakia zabibu kuzipeleka sokoni Dodoma. Zamani mafuta yalimtosha kwenda na kurudi. Tangu abadilishiwe kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, gari lilitoa moshi mweusi, kisha likamzimikia njiani, tangi kavu.

Matonya hakulilaumu gari. Alimlaumu Yotham, kaka wa mkewe, aliyeishi nao.

"Mafuta hayana miguu," alisema mbele ya majirani. "Kuna mtu anayanyonya kwa mpira!"

Lo! Yotham alichomwa moyo. Akafunga mzigo wake.

"Baba Fredy," alisema Anyesi, mke wa Matonya, "kaka yangu akitoka hapa na jina la mwizi, kwetu utakuja na uso gani?"

Matonya akanywea. "Basi twende wote kwa fundi. Akisema gari ni zima, shemeji aende zake."

Yotham akapanda na mzigo wake. Anyesi akatundika kikapu cha ugali na mlenda pahali pake pa kila siku, kwenye kishikio kilichochomoza chini ya dashibodi.

Kule Ihumwa, fundi Gladness alilisikia gari kabla hajaliona.

"Shikamoo, mzee. Hili linakohoa."

"Marahaba. Linaibiwa mafuta."

Yotham akashuka na mzigo wake, tayari kwenda zake. Gladness akafungua plagi. Ilikuwa nyeusi kwa masizi.

"Hakuna mwizi hapa. Injini inapata petroli nyingi na hewa kidogo." Akatoa chujio la hewa, akalikung'uta. Vumbi likatimka hadi Matonya akapiga chafya. Kisha fundi akachungulia ndani. "Mbona mmetundika kikapu kwenye choki?"

"Choki? Hiyo si ndoano? Nilidhani fundi aliyebadili kabureta ametupa zawadi!" Matonya alishangaa.

Gladness alicheka mpaka akashika boneti.

"Choki ya kabureta ya zamani ilijiendesha yenyewe. Hii kabureta ni ya kupachika, ya gari la aina nyingine, choki yake ni ya mkono. Injini ikiwa baridi, unaivuta ili gari liwake. Injini ikipata moto, unairudisha ndani. Ikibaki nje, gari linakunywa kama ngamia. Fundi wako hakukueleza?"

"Alianza kunieleza," Matonya alisema kwa sauti ndogo. "Nikamwambia naendesha magari tangu hajazaliwa."

Gladness akarudisha choki, akarekebisha skrubu ya kabureta, akajaza upepo kwenye tairi zilizolegea. Moshi mweusi ukaisha.

Matonya alijaa aibu. "Shemeji, nisamehe. Nimekuchafua mbele ya watu. Nitakusafisha mbele ya watu hao hao."

"Na mimi nitakuwepo kusikia," Yotham alijibu, akaurudisha mzigo wake garini.

Siku hizi petroli inamtosha Matonya kwenda na kurudi. Yotham hukaa mbele naye, amepakata kikapu. Mara nyingine ugali hufika sokoni umemegwa. Matonya hufunua kikapu, humtazama shemeji yake, hufungua mdomo.

Halafu huufunga, akainama kwanza kuangalia choki.