Uso wa Nyuma ya Kabati

Asubuhi ile makombo ya raba yalikuwa yamelowa. Nthambi aliyapangusa mezani kwa kiganja, kama alivyozoea kila alipofuta kitu kwenye mchoro, na kiganja kikarudi na majimaji mekundu yenye joto. Akakinusa. Kilinuka plasta mbichi ya ukuta na ubani. Akajiambia labda ni chai ya jana imemwagika, akapitisha kitambaa juu ya meza, akachukua mkoba wake akaenda kazini. Alikuwa hodari wa kujidanganya huyo, na hata siku moja hakukosa sababu.

Tumjue kwanza kabla mambo hayajaharibika. Nthambi alikuwa karani wa stoo katika kampuni moja ya rangi huko Industrial Area, penye viwanda, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyekaa mtaa wa Mbotela na mdogo wake, Kavinya. Mama yao alipofariki, ni Nthambi aliyemlea huyo Kavinya, akamfundisha kuvuka barabara, akampeleka kusomea ushonaji. Sasa Kavinya alikuwa fundi wa kudarizi magauni ya harusi, kazi ya uzi mwembamba na shanga ndogo ndogo, kazi ambayo bila macho makali huna lako. Hawakuwa na mtu mwingine. Jioni, vyombo vikishaoshwa, Kavinya alidarizi upande huu wa meza na Nthambi akachora upande ule.

Alipenda kuchora nyuso kwa penseli, wala si nyuso za majirani. Alichora malkia wenye pembe, mashujaa wenye mabawa, wanawake waliovikwa mataji ya moshi. Hakufundishwa na mtu. Alijifunzia kwenye simu. Makosa yake aliyatafuta kwa kioo: aliusimamisha mchoro mbele ya kioo cha kabati, maana uso ukigeuka kulia kushoto, kasoro uliyozoea kutoiona hujitokeza yenyewe. Yakimshinda, kulikuwa na grupu la WhatsApp la wachoraji wa Eastlands, ambamo kila mtu aliweka kazi yake na wenzake wakamwambia ukweli bila kumbembeleza.

Sasa malkia huyu wa mwisho hakutoka kichwani mwake. Nyuma ya kabati mvua ilikuwa imeleta doa la unyevu ukutani, na ndani ya doa mlikuwa na uso. Si uso wa kubahatisha. Ulikuwa uso kamili wa mwanamke, na pua yake, na mdomo wake, na macho yaliyoinama kidogo, na pembe mbili fupi, ya kulia imekatika ncha. Nthambi alisukuma kabati, akaketi sakafuni Jumamosi nzima, akaunakili mstari kwa mstari mpaka shingo ikamuuma. Halafu kiu ya sifa ikamponza. Aliupiga picha mchoro, akauweka kwenye grupu, akaandika: “Nimebuni tu kichwani. Semeni ukweli, nirekebishe wapi?”

Wachoraji hufanya hivyo kila siku, hunakili kitu wakasema wamekibuni, na kwa kawaida hakuna anayekuja kudai. Uso huu ulikuwa na mwenyewe.

Wa kwanza kujibu alikuwa Perez, kiongozi wa grupu, kijana aliyechora mabango ya maduka huko Mukuru kwa Njenga. Alisema kazi ni kali lakini pua imepinda, ifutwe ianzwe upya. Akafuata Sagal, dada mmoja wa kupaka watu hina, akasema mdomo umevimba upande mmoja na haumpendezi malkia. Nthambi hakubishana nao. Alifuta pua akachora nyingine iliyonyooka, akafuta mdomo akauchora mwembamba, na hayo ndiyo makombo yaliyolowa asubuhi ile.

Jioni yake Kavinya aliukata uzi kwa meno, akainama juu ya bega la dada yake. Alitazama kwa muda, akasema kwa upole wake ule ule, “Ni mrembo kweli. Ila macho, dada. Mbona ni kama hayaoni?”

Nthambi akacheka, akamwita mwalimu, akachukua raba. Alipoyasugua yale macho karatasi ilitetemeka chini ya kidole chake, na nyuma ya kabati kukasikika kitu kama mtu anayevuta pumzi kwa uchungu. Kavinya akasema ni panya. Nthambi naye akakubali kuwa ni panya, akachora macho mapya, makubwa, yenye mng'aro, kisha akausimamisha mchoro mbele ya kioo kama kawaida yake. Pembe iliyokatika ilipaswa kuonekana upande wa pili. Haikugeuka. Kila kitu mle ndani ya kioo kilikuwa kimegeuka, mlango, meza, hata Kavinya na cherehani yake, lakini uso ule ulikaa vile vile ulivyo, kama mtu anayechungulia dirishani kutoka nje. Nthambi aliugeuza mchoro kifudifudi, akauwekea kitabu juu, akaenda kulala.

Habari za Perez zilimkuta kazini. Grupu lilikuwa limejaa pole. Alikuwa ameamka pua imevimba na kupinda, imelalia shavu la kushoto, wala hakuanguka wala hakupigana na mtu. Hata Nthambi hajamaliza kusoma, ikaingia picha ya Sagal, iliyotumwa na nduguye: mdomo umevutika upande mmoja hadi karibu na sikio, hawezi kusema, hawezi hata kumeza chai. Watu wakaanza kubishana, huyu anasema ni ugonjwa wa mishipa, yule anasema ni kurogwa.

Nthambi alizisoma jumbe zile mara ya pili polepole. Pua, alisema Perez. Mdomo, alisema Sagal. Kisha akaacha stoo wazi, akatoka mbio bila kuaga mtu, akapita kati ya malori na mikokoteni, jua la saa nane likimchoma utosini, na njia nzima alikuwa akimwomba Mungu kitu kimoja tu, kwamba Kavinya awe hakuyasema yale maneno, kwamba yale ya jana yawe ni ndoto, kwamba akifungua mlango amkute amekunja mguu wake kwenye kiti akilalamika kuhusu bibi harusi fulani asiyejua anachotaka.

Alimkuta kwenye kiti. Mlango ulikuwa wazi na jua limejaa chumbani. Kavinya alikuwa na gauni jeupe mapajani, sindano mkononi, na matone ya damu kwenye kitambaa pale alipojichoma na kujichoma tena.

“Ni wewe, dada?” aliuliza. “Mbona umezima taa?”

Nawaambia, Nthambi alilia siku ile kuliko alivyolia kwenye mazishi ya mama yao. Aliona haya kumwambia mdogo wake kwa nini. Daktari wa macho alimulika, akapima, akasema macho ni mazima na hajui kwa nini hayaoni. Akina mama wa kanisa walikuja wakaomba kwa sauti, wakaimba, na kadiri walivyoimba ndivyo harufu ya plasta mbichi ilivyozidi, mpaka mmoja akatapika kwenye veranda wakaaga. Walipokwenda, nyuma ya kabati kukaanza kitu kipya. Kwaru, kwaru, kwaru. Sauti ya raba juu ya karatasi, taratibu, ikipumzika na kuanza tena, na Kavinya akiisikia alijishika uso kwa mikono miwili.

“Inafuta nini?” alinong'ona.

Aliyewasaidia ni jirani wa ukuta kwa ukuta, Habibo, ambaye wapangaji wote wa ploti ile walimwita Mama Kadar. Ubani ule aliunusa kutoka kwake na alijua hakuna aliyeuchoma. Alikuja na Maalim Muse, mzee mkimya aliyeshona viatu vya ngozi soko la Kariokor na aliyewasomea Kurani watu waliosumbuliwa na majini. Maalim aliutazama mchoro, akautazama ukuta, akamtoa Nthambi nje, mbali na masikio ya Kavinya, akamuuliza alichokifanya. Safari hii Nthambi alisema kweli yote.

Maalim alimkalisha Kavinya mkekani baada ya Alasiri, akamfunga Nthambi kwa sharti moja. “Nitamsomea, na atasema. Akisema, nitamjibu mimi. Wewe usimjibu, na usimwahidi kitu. Hata akisema nini.”

Nthambi akaitikia kwa kichwa.

Alisoma. Mwanzoni Kavinya alitulia tu, jasho likimtoka. Kisha shingo yake ikajinyoosha, polepole, hata ikawa ndefu kuliko inavyofaa, na uso wake uliofumba macho ukageuka moja kwa moja hadi kwa Nthambi, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mzima, mkavu, asiye na haraka.

“Nilikaa katika ukuta huu kabla mama yenu hajazaliwa,” ilisema. “Sikumgusa mtu. Wewe ukaninakili, ukasema hakuna mimi, ukasema umenibuni. Ukaniitia watu wanicheke. Wakasema futa, ukafuta. Unajua kufutwa pua kunaumaje? Nilipiga kelele. Hukunisikia, kwa sababu mdomo wangu ulikuwa makombo mezani kwako.”

Maalim alipandisha sauti, akamwamuru amtoke binti wa watu.

“Aliyesema pua nimemlipa. Aliyesema mdomo nimemlipa. Huyu alisema macho,” ilisema ile sauti, na machozi mekundu yakaanza kuteremka kutoka chini ya kope za Kavinya, yakadondoka mkekani pamoja na vipande vidogo vya kijivu, laini, vilivyojikunja, na Nthambi alivitambua hata kabla hajainama, yalikuwa makombo ya raba, na kila yalipodondoka kope za mdogo wake zilizidi kubonyea ndani, kama kwamba nyuma yake kulikuwa kunaisha kitu.

Hapo Nthambi alisahau sharti na mwenye sharti.

“Mwachie,” alisema. “Raba niliishika mimi. Mwachie macho yake, unilipize mimi.”

Maalim Muse alikatisha kisomo. Alimtazama Nthambi kwa huzuni kubwa. Kisha midomo ya Kavinya ikatabasamu, tabasamu lisilo lake.

“Ahadi ni ahadi,” ilisema sauti, ikaondoka.

Kavinya alianguka ubavu. Alipoinuka alipepesa macho, akautazama mkono wake, akamtazama Mama Kadar, kisha akaona damu kwenye mkeka akaanza kulia. Alikuwa anaona. Ukutani, nyuma ya kabati, hapakuwa na doa. Plasta ilikuwa kavu na nyeupe. Karatasi iliyokuwa na malkia ilikuwa tupu pande zote mbili. Perez na Sagal nao hawakurudishiwa walichopoteza, walibaki vile, wakazoea. Maalim alimwambia Nthambi asishike penseli tena, na asikae peke yake. Hakumwambia kuwa yamekwisha.

Nthambi alitii. Alitupa penseli, akaiuza meza. Kila asubuhi alijitazama kwenye kioo, akaukuta uso wake uko kama kawaida, na mvua za mwaka ule zikapita. Kavinya alirudia kudarizi, akapata wateja wengi, na usiku alilala fofofo. Hakukumbuka hata neno moja lililopita kinywani mwake siku ile, wala Nthambi hakumsimulia. Taratibu hofu ikamlegea Nthambi mwilini. Alianza hata kucheka tena.

Ikawa jioni moja ya Jumapili, Nthambi anakatakata mboga ya sukuma wiki, Kavinya anatunga shanga karibu na dirisha. Simu ikatetemeka. Lilikuwa lile grupu la wachoraji, ambalo hakuwahi kujitoa. Kulikuwa na mchoro mpya wa penseli, kazi safi ajabu, kila unywele mahali pake. Ulikuwa uso wa Nthambi, na kovu lake dogo la kidevuni, na umetumwa kutoka kwa namba yake mwenyewe. Chini yake palikuwa na maneno: “Nimebuni tu kichwani. Semeni ukweli, nirekebishe wapi?”

Harufu ya plasta mbichi ikamjaa kifuani. Alitaka kuuondoa, lakini kidole kile kile cha kushikia raba kilikuwa kizito, hakipandi. Juu ya kioo cha simu paliandikwa kuwa Perez anaandika. Kisha jibu likatokea. Perez alimpongeza kwa kurudi, akasema kazi iko juu, ila pua imelala sana, aifute.

Kwaru, kwaru. Haikutoka ukutani. Ilitoka katikati ya uso wake, na maumivu yake hayakuwa na mfano, na makombo ya joto yakaanza kudondoka juu ya sukuma, na alipofungua mdomo amwite Kavinya, amwambie akimbie, amwambie asitazame, amwambie asiseme kitu, Sagal naye alikuwa ameshaandika kwamba mdomo hauna uhai, afute wote aanze upya. Nthambi alijishika. Chini ya vidole vyake, pale palipokuwa na mdomo, palikuwa na ngozi laini, kavu, tambarare.

Simu ilimponyoka. Kavinya aligeuka kwa ule mshindo, na kwa kuwa Nthambi alikuwa amempa mgongo, ameinamia mboga na kuufunika uso, hakuona kitu. Aliiokota simu. Akaona mchoro, uso wake ukachangamka.

“Kumbe umerudia kuchora, ukanificha,” alisema. Nthambi akamshika mkono kwa nguvu, akitikisa kichwa, akitikisa, na Kavinya akacheka akidhani ni haya, akajivuta kando akaisogeza simu kwenye mwanga wa dirisha.

“Umejipata kabisa, dada,” alisema kwa upole. “Ila macho…”