Majina ya Wapiga Kelele

Ndugu zangu wa mlimani, sikieni yaliyompata Prisca wa huku juu ya Tengeru, kwa maana alichokisifu yeye ndicho wengi wetu tunachokisifu.

Siku hizo za mvua migomba ilikuwa imetulia, na mfereji wa kando ya nyumba umejaa maji. Anneth, bintiye wa miaka tisa, alikuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni. Alikuwa akilala amenyooka, mikono ubavuni. Hakusema neno mpaka anyooshe kidole na kuruhusiwa.

Prisca alifurahi. Hata alipokuta daftari chini ya mto wa mtoto, kwanza alicheka. Juu pameandikwa: Wapiga kelele. Chini yake: Mama, amecheka. Bibi, ameimba. Gidion, amelia mara tatu. Na mwisho kabisa: Anneth, ameota.

"Unampelekea nani haya majina?"

Mtoto alitazama mlango. "Atakuja."

Tangu siku hiyo Gidion, mdogo wake wa miaka mitano, akaacha kulia. Prisca akaona hayo ndiyo malezi. Akachukua fomu ya shule hiyo ya bweni ili Gidion naye aanze Januari.

Jumamosi jirani yake, Mama Ephraimu, akapita. Wakiwa uani wanaongea, Anneth akaja akasimama nyuma ya mama yake, kidole juu.

"Kheri yako, Mama Anneth. Wangu ukimwambia nyamaza, ni kama umemfungulia spika."

"Huyu? Utaona. Atasimama hapo hapo mpaka nimruhusu."

Wakamaliza habari za kwaya. Wakaanza za msiba. Kidole hakikushuka. Ndipo Prisca alipogeuka, akaona sketi ya mtoto imelowa mpaka kiunoni.

"Haya, sema."

"Gidion yuko ndani ya mfereji. Nimemvuta, nimeshindwa."

Walimkuta maji yamefika shingoni, mkono mmoja umeshika mzizi. Mkono wa pili ulikuwa umeziba mdomo wake mwenyewe.

"Mbona hukuita, baba?" Prisca aliuliza akimtoa.

Mtoto akamwangalia dada yake. "Ataniandika."

Anneth alisimama ukingoni, machozi yakimtoka bila sauti.

"Lia, mwanangu. Lia kwa nguvu!"

Akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Akanyoosha kidole.

Fomu ya Gidion haikurudishwa. Anneth sasa anasoma shule ya kutwa, ila hadi leo hunyoosha kidole akitaka maji.

FUNZO

Shule ni njema, na adabu ni njema. Simlaumu mwalimu peke yake. Sisi wa nyumbani ndio tunaopiga makofi. Lakini mtoto aliyefunzwa kunyamaza kwa hofu atanyamaza hata siku ya hatari, na akikua atanyamaza mbele ya kila atakayemwonea. Wako akirudi likizo ametulia mno, usikimbilie kumsifu. Mwulize anamwogopa nani. Kisha unyamaze wewe, umsikilize.