Kamera ya Mnada wa Issuna

"Inunue. Usiifungue."

Simu ikakatika.

Damari Mughwai aliweka chini mkono wa simu, akachomoa bastola aina ya Walther PPK kutoka nyuma ya maboksi ya karatasi za picha, akaisokomeza kiunoni chini ya khanga. Kwa watu wa Singida mjini alikuwa mpiga picha tu, mwanamke mwenye studio nyuma ya stendi. Kwa wakubwa wake wa Dar es Salaam alikuwa mtu wa kutumwa pale ambapo polisi wangeharibu kazi.

Na hii ilikuwa kazi rahisi kuharibika.

Mwaka ule wa 1972 kulikuwa na mzungu katika msitu wa Rungwa aliyeitwa Kessel, aliyejitia mtafiti wa nyuki. Nyuki hawakumhusu. Alitumwa na makaburu, na ndani ya msitu ule alikuwa ameipiga picha kambi ya siri ya wapigania uhuru wa kusini. Mamia ya vijana walilala pale wakiamini miti imewaficha. Picha zikifika kwa waliomtuma Kessel, ndege zao zingejua pa kumwaga moto.

Barabarani kulikuwa na upekuzi, kwa hiyo mzungu hakubeba filamu mwenyewe. Aliiacha ndani ya kamera kuukuu, akampa Melkiori, mchuuzi wa vikorokoro mnadani Issuna. Aliyetumwa kuja kuinunua alikamatwa stesheni ya Itigi. Alibanwa, akatapika maneno ya kujitambulisha.

Kumvamia Melkiori kusingefaa. Angefungua mgongo wa kamera mara moja, mwanga ukala kila kitu. Wakubwa walizitaka zile picha nzima, kwani mzungu hawezi kuingia kambi ile bila mwenyeji.

Kulikuwa na msaliti, na huenda sura yake ilikuwa kwenye filamu.

Nje, Lazaro alikuwa anangoja kwenye Land Rover. Alikuwa dereva wake wa miaka mingi, mtu wa Kinampanda, mpole, kofia yake daima imelala upande. Alimwuliza safari ya wapi. Damari akamweleza yote, kama alivyozoea.

Walifika Issuna jioni, wakalala; asubuhi mnada ulikuwa umefurika. Ng'ombe walilia, vumbi likapanda. Melkiori alikuwa amekaa chini ya turubai, amezungukwa na pasi za mkaa, redio bubu na saa zilizokufa. Damari alimwamkia shikamoo. Mzee akaitikia bila kuinua uso.

"Hii inapiga harusi?" Damari aliuliza, akigusa kamera ya kwanza.

"Na mazishi."

Kisha mzee akatoa kamera ya pili, akaziweka sambamba. Zote zilikuwa za macho mawili, zile za kutazamiwa kwa juu, moja Yashica, moja Rolleiflex. Akamwambia achague.

Mfungwa wa Itigi hakulisema hilo.

Damari alifanya kama afanyavyo mnunuzi yeyote wa kitu kilichokwisha tumika. Aliielekeza Yashica kwenye jua, akachungulia lenzi. Ukungu ulikuwa umetanda ndani kama utando wa buibui. Akaiweka mwendo wa polepole, akafyatua. Ilikwama, ikakohoa, ndipo ikafunga. Mkono wa kusogezea filamu ulizunguka mwepesi.

Tupu.

Akashika Rolleiflex. Ngozi yake ilikuwa imebanduka pembeni, lakini lenzi ilikuwa safi kama maji ya kisima, na ilipofyatuka ililia laini. Mkono ulipozunguka, kitu ndani kilivuta.

"Hii," akasema.

Walipatana bei kwa kelele, maana asiyebishana mnadani hutazamwa. Melkiori akamkabidhi. Lakini macho ya mzee yaliruka juu ya bega lake.

Damari hakugeuka. Aliiweka kamera kiunoni kama anayeijaribu, akaielekeza nyuma kupita ubavu wake, akainamisha kichwa na kutazama kioo cha juu. Katikati ya pembe za ng'ombe palikuwa na sura nyekundu.

Kessel.

Mtu huyo alipaswa kuwa Rungwa. Ameambiwa na nani?

Damari alitoa redio ndogo kapuni.

"Lete gari. Sasa."

"Linakataa kuwaka," sauti ya Lazaro ilijibu. "Vumilia kidogo."

Hakuvumilia. Alikimbia kupita ghala la ngozi, akaruka ukuta mfupi wa matofali ya udongo, akajilaza nyuma yake. Risasi ya kwanza ikamega tofali juu ya kichwa chake. Watu wakatawanyika. Ng'ombe wakakata kamba.

Kuinua kichwa kulikuwa kufa.

Akaipindua Rolleiflex miguu juu, akaipandisha juu ya ukuta kwa mikono miwili, akatazama kioo kutoka chini. Kessel alionekana mdogo, safi, bastola mkononi, akinyata kushoto kwa pipa la maji.

Kioo cha kamera ile hudanganya. Kushoto kwake ni kulia kwa dunia. Asiyejua angechomoza akilenga upande mtupu, na angezikwa jioni ileile.

Damari aliishusha kamera, akachomoa PPK, akachomoza, akalenga kulia.

Akafyatua.

Kessel alianguka ameshika bega, bastola yake ikadidimia kwenye mavi ya ng'ombe. Damari alikuwa juu yake kabla hajaifikia.

Mgambo wa kijiji walifika na marungu na bunduki moja, wakamfunga mzungu, wakamfunga na Melkiori kwa kamba ya turubai lake mwenyewe. Ndipo Land Rover ikatokea.

Ilikuwa imewaka kwa jaribio la kwanza tu. Damari aliisikia.

Aliwapakia mgambo wawili nyuma pamoja na wafungwa, yeye akakaa mbele, kamera mapajani. Njia nzima Kessel alikuwa akiitazama shingo ya dereva.

Walipokwisha kuwaacha wafungwa kwa polisi mjini, Damari alimwomba mgambo mmoja, Simeoni, abaki mlangoni pa studio. Naye Lazaro akaambiwa apumzike ndani, kwenye kigoda cha wateja. Kisha Damari akajifungia kwenye chumba cha giza.

Filamu kubwa haifichi kitu. Alipoitoa kwenye dawa na kuisuuza, kila picha ilikuwa pana kama vidole vitatu, haikuhitaji kukuzwa. Mabanda ya nyasi. Vijana kwenye mstari. Na katika picha ya tisa, mtu ameegemea Land Rover, akionyesha njia kwa kidole.

Weusi ulikuwa mweupe na weupe mweusi. Hata hivyo, taya ile alikuwa amekaa kando yake miaka mingi. Na kofia imelala upande.

Damari alisimama gizani. Mke wa mtu huyu, Dorkas, alimwuguza alipopata malaria kali. Maji yalidondoka kutoka kwenye filamu, yakamlowesha miguu.

Alipotoka, filamu ilikuwa mkono wa kushoto. PPK ilikuwa wa kulia.

"Mikono magotini, Lazaro."

Akaiinua filamu dirishani. Lazaro akaitazama, akajiona.

"Alinipiga lini? Hakuwahi kuniinulia kamera."

"Haiinuliwi usoni. Mtu anaangalia chini, inapiga kutoka tumboni."

"Aliniambia anaifuta vumbi."

"Alikuwa anakuwekea kitanzi. Siku ungemkataa, angekuonyesha."

Lazaro alianza kueleza mambo aliyoahidiwa. Damari alimwita Simeoni, wakamvua bastola na funguo. Mlangoni, Simeoni akimpeleka polisi, dereva akageuka.

"Utamwambia nini Dorkas?"

"Utamwambia wewe."

Akaibana filamu kwenye kamba ikauke, akanawa dawa mikononi, akafunga studio kwa kufuli mbili. Kambi ilikuwa lazima ihame, hata msaliti akiwa mahabusu, kwa kuwa siri ya mahali pake ilikwisha kuvuja. Akatembea hadi kwenye Land Rover bila haraka, akivuka kundi la mbuzi. Akavuta kiti mbele, kwa kuwa Lazaro alikuwa na miguu mirefu, akashika njia ya Rungwa.