Kengele Iliyochelewa Kulia

Kila Jumatano baada ya masomo, Lucia hakurudi moja kwa moja nyumbani kwao Yoba, mjini Gitega. Alibaki shuleni kwenye klabu ya kompyuta ya mwalimu Chabani, ambako wanafunzi waliiendesha kompyuta kwa kuandika amri. Lucia alikuwa mwepesi wa kuelewa na mwepesi zaidi wa kusema. Kazi ikifika nusu, yeye alishatangaza kuwa imekwisha.

Likizo ilipofika alikwenda Buhinyuza, mkoani Muyinga, kwa shangazi yake Emerensiana, akiwa na kompyuta ndogo ya klabu. Shangazi alikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga, na majirani walimkabidhi mayai yao. Mama Efrazia alileta mayai yote ya kuku wake wa pekee. Joto likizidi, mayai hufa.

Lucia aliunganisha programu tatu. Ya kwanza ilipima joto, ya pili ilipitisha onyo joto likizidi, na ya tatu ilipiga kengele kila ilipopokea onyo. Aliijaribu ya pili, maonyo yakatokea kwenye skrini papo hapo. Kengele nayo aliijaribu peke yake, ikalia. Zote tatu pamoja hakuzijaribu, maana wenzake walikuwa wakimngoja uwanjani.

"Umejaribu yote?" shangazi aliuliza.

"Ndiyo, shangazi. Nenda tu shambani."

Mchana jua liliwaka sana na mashine ikapitiliza joto. Shangazi aliporudi kunywa maji alikigusa kifuniko, kikamchoma, na kengele ilikuwa kimya. Alikifungua haraka, akamwita Lucia. Lucia alikuja mbio, akaifunga programu ya kwanza ili aanze upya. Hapo ndipo kengele ilipoanza kulia, mfululizo, ingawa joto lilikuwa limeshashuka. Lucia aliogopa, akampigia simu mwalimu Chabani na kumweleza yote.

"Bon, sikiliza," mwalimu alisema. "We ulijaribu hiyo ya pili kwenye skrini. Kwenye skrini inatoa kila mstari hapo hapo, kwa sababu kuna mtu anasoma. Ikiwa inapelekea programu ingine, inaweka mistari kwanza kwenye kumbukumbu mpaka ijae, ao mpaka kazi iishe. Halafu inatuma yote mara moja."

Mwalimu alimweleza kwamba mfumo endeshi, yaani programu kuu ya kompyuta, hufungua njia kati ya programu na programu, na programu huepuka kupita njia hiyo kwa kila neno moja ili kazi iende haraka. Mvunaji wa maharage naye hapeleki ganda moja moja nyumbani, hungoja kikapu kijae. Maonyo ya Lucia yalikuwa machache, kikapu hakikujaa. Alipoifunga programu ya kwanza, kikamwagwa chote.

Dawa yake ilikuwa ndogo: kuiamuru programu ya pili itume kila mstari bila kungoja. Safari hii Lucia alizijaribu zote tatu pamoja, akikisogeza kipima joto karibu na kikombe cha chai ya moto. Kengele ikalia mara moja.

Walipoyamulika mayai kwa tochi kuona ndani, mengi yalikuwa hai. Ya Mama Efrazia, yaliyokuwa karibu na taa ya joto, nusu yalikuwa yamekufa. Lucia alilia. Shangazi alipojifunga kitenge aende kwa jirani, Lucia aliomba aseme mwenyewe, akasema bila kuficha neno. Mama Efrazia akamwambia ayatunze yaliyobaki.

Njiani kurudi, Lucia alimwambia shangazi kwamba hakujua kama programu hushikilia maneno.

"Kutojua si kosa, mwanangu," shangazi alijibu. "Hata mwalimu wako kuna siku alikuwa hajui. Kosa ni kuniambia umejaribu kitu ambacho hukukijaribu. Ungesema 'bado', nisingekwenda shambani."